Shajara ya mbayuwayu wa Sio: kuhesabu na kuvisha pete, Oktoba 2023 mpaka Machi 2024

Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Leo ndo tumeanza kweli. Watu watano, mianzi minane, nyavu tatu za mita kumi na mbili, gambuti jozi tatu za kupokezana na pawabanki moja ambayo dogo wa boda anasema ina chaji na mimi nasema haina. Kibali cha kushika ndege kipo, hicho ni cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, lakini kibali bila mtu aliyefuzu kazi ya pete (kumvisha ndege mguuni pete ndogo yenye namba yake) ni karatasi tu, na aliyefuzu ni mwalimu wetu, mtu mzima, mikono alijifunzia Ngulia kule Tsavo West ambako wanavisha pete wahamiaji tangu 1969, wale ndege wanaosafiri usiku wakapotezwa na ukungu wakavutwa na taa za hoteli. Huku kwetu hakuna hoteli wala taa. Kuna matete.

Mahali ni kinamasi cha Sio-Siteko, upande wetu wa Uganda, ukivuka mto uko Kenya. Njia yenyewe sitaiandika hapa. Katikati ni mafunjo, pembeni matete, halafu mpunga ambao kila mwaka unakula hatua kadhaa, halafu miwa. Mchana mbayuwayu wa Ulaya wametawanyika, mmoja anafuata ng'ombe, mwingine yuko juu ya mpunga anakula mbu na nzi, huwezi kuwahesabu hata ukiwa na macho kumi. Jioni wote wanarudi kulala sehemu moja. Huko Ulaya wenzetu wanahesabu viota, zizi kwa zizi, lakini hapa hawatagi hata yai, kwa hiyo pa kuwakamata hesabu ni kitandani tu.

Zoezi la leo lilikuwa la maharage. Mwalimu alimwaga maharage mabichi juu ya turubai, sekunde tano, akafunika, kila mtu aandike makadirio. Mimi niliandika mia mbili na ishirini. Yalikuwa mia tatu themanini na kitu. Wote tulikadiria chini, wote! Anasema ndo kawaida ya binadamu, kundi likiwa kubwa jicho linapunguza. Dawa yake: hesabu kumi moja moja, shika ukubwa wa hiyo kumi machoni, kisha pima kundi zima kwa hiyo kumi kama unavyopima unga kwa kikombe. Tulirudia mpaka mama wa kibanda akasema tumrudishie maharage yake awapikie watu kikomando, chapati na maharage.

Jumamosi, 4 Novemba 2023

Hesabu ya kwanza. Mpango wetu uko hivi: tumechagua mstari kati ya mkuyu mmoja na nguzo ya umeme, kila ndege anayekata mstari akielekea kinamasini anahesabiwa, anayetoka anatolewa. Dakika moja unahesabu, dakika moja unapumzisha macho na kuandika, halafu mwisho unazidisha mara mbili. Tunaanza saa 12:00 jioni, tunaacha 12:50 ili wote tukimbilie nyavu. Kumbukeni hiyo 12:50, nitairudia nikiwa na aibu.

Mwanzo hakuna kitu. Wawili, wanne. Saa 12:20 wakaanza kuja kwa mafungu, chini chini juu ya mpunga, wengine wakipita usawa wa magoti, unasikia bawa. Saa 12:35 hivi ilikuwa imeshakuwa fujo, hawakati mstari tena bali wanazunguka juu yetu kama moshi wa jiko la mkaa ukipepewa, kila dakika duara linanenepa, halafu bila kengele wala nini fungu moja linamwagika kwenye matete, shwaa, kimya, halafu lingine. Matete yanainama. Tulipojumlisha tulipata kama elfu sita. Nasema kama kwa sababu mle ndani wamo na wale wadogo wa kahawia wenye mstari kifuani, na wamo pia mbayuwayu wa Angola ambao ni wenyeji, hawajui hata Ulaya ni wapi. Kwenye mwanga wa jioni wote ni vivuli. Wa Angola ukimshika mkononi ndo unamjua: wekundu wa koo unamshukia mpaka kifuani, ule mkanda mweusi ni mwembamba na umekatika, tumbo lina ukijivu. Ndo maana nyavu zinatakiwa hata kwa ajili ya hesabu.

Tukashika ishirini na tisa. Ndege wa kwanza kabisa alinitetemesha mikono. Unaanza kwa kuuliza aliingia wavu kwa upande gani, ukikosea hilo unazidi kumfunga. Unatafuta miguu kwanza, halafu mabawa, kichwa mwisho. Mkononi unamlaza mgongo kwenye kiganja, shingo ipite kati ya kidole cha shahada na cha kati, usibane, kifua kiachwe huru maana ndege anapumua kwa kifua. Gramu kumi na nane! Uzito wa barua. Moyo wake haupigi, unanguruma. Mguu wa mbayuwayu ni mfupi sana, pete inapanda pale kama kikuku cha mtoto mchanga, unaifunga kwa koleo lenye tundu la saizi yake, halafu unaizungusha kwa ukucha kuhakikisha inacheza na haijaacha mdomo wa kunasa nyuzi. Kisha bawa, kisha manyoya, kisha mzani (anaingizwa kichwa kwanza kwenye kikopo, anatulia kama kalala), kisha mnamwachia pembeni ya matete tochi zikiwa zimezimwa, anakaa kiganjani kidogo akizoea giza, anaondoka.

Tukiwa tunakunja nyavu mwalimu akatusimulia habari ya 1911. Bwana mmoja wa Staffordshire, Uingereza, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete barazani kwake mwezi wa Mei. Desemba 1912 ndege huyo akapatikana ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika Kusini. Kabla ya hapo Waingereza walijua mbayuwayu wanaenda kusini, lakini kusini wapi walikuwa wanabishana. Pete moja ikafunga mjadala. Dogo wa boda akauliza huyo ndege alipita Busia? Mwalimu akasema hiyo pete haikuandikwa.

Jumamosi, 25 Novemba 2023

Mvua. Hii El Niño ya mwaka huu haina adabu. Maji yamepanda mpaka kwenye njia tuliyokata, hesabu tulifanya chini ya mwavuli na nusu yake naifuta, hakuna haja ya kujidanganya. Nyavu hatukufungua, ndege aliyelowa ukamning'iniza kwenye wavu unamuua kwa baridi. Na hata tungetaka, siafu walikuwa wamepanda mwanzi wa tatu mpaka juu. Mwalimu akasema kwa siafu hakuna mjadala, wakifika kwenye wavu wenye ndege utakuta mifupa, hamisha.

Wakulima wawili wa mpunga walikuja kutuuliza tunawaua lini. Kuwaua nani? Ndege! Walidhani tumeletwa kwa ajili ya kwelea, wale ndege wala nafaka. Nikawaeleza huyu hali punje hata moja, domo lenyewe laini fupi, liko la kunasa wadudu hewani, kwelea ana domo la kuvunja. Mmoja akakubali. Mwingine akasema ndege ni ndege.

Jumamosi, 16 Desemba 2023

Hesabu: elfu tatu na mia tano. Sikuipenda. Nilirudia kujumlisha mara tatu kwenye simu.

Nyavu lakini zilijaa, thelathini na nane, tulicheza spika kidogo ya mlio wao kisha tukaizima maana tulikuwa tunashika zaidi ya tunavyoweza kuhudumia, na hiyo ndo sheria ya kwanza, ukiona vifuko vya kuwekea ndege vinapungua kwenye kamba unafunga nyavu hata kama roho inauma.

Sasa hivi ndo wako katikati ya kubadilisha manyoya, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mbayuwayu hafanyi kazi hii Ulaya, anaifanya huku kwetu, polepole, kwa sababu anakula akiruka na hawezi kutoa manyoya yote kwa mkupuo akabaki kuku. Bawa lina manyoya makubwa tisa ya kusukuma hewa, anaanza la ndani kabisa, akilitoa la kulia analitoa na la kushoto, mizani isiyumbe, halafu anaenda nje moja moja, miezi minne, mitano. Kila nyoya tunalipa alama: sifuri ni kuukuu, tano ni jipya limekamilika, katikati ni limedondoka, au liko kwenye ala yake kama kalamu yenye kifuniko, au limefika nusu. Ukifungua bawa la Desemba unaona mapya ya ndani meusi yanang'aa kama viatu vya harusi, halafu pengo, halafu makuukuu ya nje yamefifia rangi ya chai ya rangi, ncha zimelika. Bawa moja, na mpaka umepita katikati.

Mkosi wa siku: kamba ya pete ilikatika. Pete zinakuja zimetungwa kwa mpangilio wa namba, unachukua ya mwisho, hakuna kufikiri. Ilipokatika kumi na kitu zikaingia kwenye tope, tukaziokota zote kwa tochi, isipokuwa pete moja ambayo imeandikwa "imepotea", na tukaendelea kuzitumia jinsi zilivyokuja mkononi. Mwandishi wa daftari nilikuwa mimi. Daftari limelowa.

Katikati ya hayo yote wakatokea askari wa doria, wawili. Fikiria mwenyewe: mpakani, usiku, watu wana tochi za kichwa, mianzi, na mifuko midogo midogo inayotikisika. Wakauliza, mnangojea mzigo gani? Nikasema afande, tunahesabu ndege. Akasema ndege usiku? Nikasema ndo saa yao ya kulala, afande. Alinyamaza kama mtu anayepima uongo kwa kilo. Mwalimu, bila maneno, akamfungulia mkono akamweka ndege kiganjani, mkubwa mwenye nyuzi ndefu za mkia, akamwonyesha jinsi ya kumshika. Afande akapunguza sauti mpaka ikawa ya kanisani. Akauliza hii namba ni yake peke yake? Yake peke yake, duniani kote. Akatoa daftari la doria mfukoni akaiandika. Sijui aliiandika chini ya kichwa gani.

Jumamosi, 6 Januari 2024

Elfu moja na mia tisa.

Usiku sikulala vizuri. Kutoka elfu sita mpaka hapo kwa miezi miwili ni theluthi mbili zimeenda. Nikaanza kuandika ripoti, kichwa chake "Malalo ya Sio yanaporomoka", nikatafuta na sababu, na sababu hazikosekani, mpunga, dawa za wadudu, mafuriko, chagua. Mwalimu alisoma akasema ngoja kwanza. Ngoja nini mzee? Akasema nyavu. Leo nyavu zimeshika arobaini na moja, spika imezimwa. Ndege wakipungua theluthi mbili, mbona wavu haujui?

Sikuwa na jibu.

Halafu jambo dogo la kuchekesha: kuanzia usiku wa mwaka mpya ndege wote wanaongezewa umri kwenye daftari. Aliyezaliwa Ulaya mwaka jana tulikuwa tunamwandika 3 (ni alama ya umri, si miaka), sasa ni 5, mkubwa wake alikuwa 4, sasa ni 6. Kalenda ya mwaka ndo inaamua, ndege mwenyewe hana habari. Na hivi karibuni haitawezekana tena, mtoto akimaliza kubadilisha manyoya anafanana na wakubwa kila kitu.

Jioni kabla ya nyavu tulimwona kipanga popo, yule mweusi mwenye bawa la kisu, anawinda dakika chache tu za magharibi. Alipita kwenye duara la mbayuwayu mara mbili, mara ya pili aliondoka na kitu. Anameza akiruka. Dogo wa boda akasema huyo naye anahesabu.

Jumamosi, 20 Januari 2024

Leo haikuwa siku ya hesabu, tuliitwa. Kona ya kaskazini ya matete imeungua. Kiangazi ndo hicho, mtu anachoma kidogo apate nafasi ya kupanda, upepo unamwongezea.

Mama wa mikeka alikuwa amesimama pale anaangalia majivu. Yeye anakata mafunjo na matete tangu ni msichana, anajua yapi yanaota kwa muda gani. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, halafu akanyoosha mkono kwenye njia yetu ya nyavu. "Hiyo mlikata nyinyi, mwanangu. Kabla yenu hapa mtu alikuwa haingii. Mmepafungua, sasa wanaingia wote." Na kweli, kwenye njia yetu kulikuwa na nyayo za watu, kwato za ng'ombe, na mfereji mdogo mpya wa kutoa maji ambao hatukuuchimba sisi. Upana wa njia ni mita moja na nusu, tulikata kwa ajili ya nyavu tatu.

Nilitaka kujitetea, nikaacha. Tumekubaliana wavu wa kati unahamia pembeni mwa miwa, njia ya zamani tunaiziba kwa matete tuliyokata, na msimu ujao yeye ndo anatuonyesha pa kukata. Kwa malipo, si kwa asante.

Jumamosi, 3 Februari 2024

Sasa aibu.

Mmoja wetu baba yake ni muadhini wa msikiti wa mtaani. Huyu kijana hakosi magharibi, anatandika jaketi lake kwenye nyasi, anaswali, anarudi kazini, hakuna anayemsema. Leo tunakunywa chai, mimi naongea tena habari ya kuporomoka, akanikatiza. Akasema bosi, kitu kimoja kinanisumbua. Novemba nilikuwa naswali magharibi wakati bado mnahesabu, tena nikimaliza bado dakika kumi. Januari mlinivuta kwenye nyavu kabla hata ya adhana. Nikaswali baada ya kufungua nyavu.

Tukaangaliana. Alikwenda msikitini akarudi na picha ya kalenda ya ukutani, ile ya nyakati za swala ya mwaka mzima. Magharibi ya tarehe 4 Novemba ni karibu saa 12:31. Ya 16 Desemba, 12:43. Ya 6 Januari, 12:53. Na wiki ijayo, tarehe 10 Februari, ni saa moja na dakika moja.

Sasa sisi watu wa ikweta tumelelewa na usemi kwamba jua letu halibadiliki, asubuhi saa kumi na mbili, jioni saa kumi na mbili, ndo maana hata saa zetu tunazihesabu hivyo. Urefu wa mchana kweli haubadiliki. Lakini mchana mzima unasogea, kama meza inayovutwa upande mmoja, unaanza baadaye na kuisha baadaye, kwa sababu dunia haizunguki jua kwa mwendo ule ule mwaka mzima na tena imeinama. Kutoka mwanzo wa Novemba mpaka katikati ya Februari ni nusu saa nzima. Mbayuwayu hana saa ya mkononi, anafuata jua. Sisi tulifuata simu.

Kwa hiyo: Novemba tuliacha kuhesabu dakika kumi na tisa baada ya jua kuzama, tukakuta fujo yote. Desemba dakika saba. Januari tuliacha saa 12:50, jua lenyewe halijazama bado. Tulihesabu wageni waliowahi harusini, tukasema harusi haina watu. Na wakati ule elfu kadhaa wanamwagika, sisi tuko ndani ya matete vichwa chini tunafunga kamba za nyavu.

Ripoti nimeifuta. Nashukuru sikuituma, maana ingezunguka, na habari ya ndege kuisha ikishatoka hairudi.

Jumamosi, 10 Februari 2024

Usiku hauna mwezi, giza safi. Mpango mpya: kazi inaanza nusu saa kabla ya magharibi, inaishia dakika ishirini baada ya magharibi, kalenda ya msikiti imechapishwa na kuwekwa kwenye mfuko wa plastiki. Na wanaohesabu hawagusi nyavu, tumeongeza watu wawili.

Tumepata kama elfu tano na mia mbili. Wengi wao sasa wanalala upande wa miwa, matete yaliyoungua wameyaacha. Je, wamepungua tangu Novemba? Labda kidogo, labda waliogawanyika wako kwenye malalo mengine ng'ambo. Sitalinganisha hesabu mbili zilizofanywa kwa vipimo viwili. Zile za Desemba na Januari nimeziandikia pembeni "zimekatika mapema" na zitabaki hivyo, sizifuti wala sizirekebishi kwa kichwa.

Halafu, saa mbili kasoro, kutoka wavu wa miwa: ndege mwenye pete! Mwalimu akaisoma chini ya tochi, mwisho wake 417, akaisoma tena, akanipa niisome mimi. Yetu, ya 16 Desemba. Tukafungua daftari kwa furaha na furaha ikaishia hapo. Ukurasa ule uliolowa una mistari miwili inayosomeka 411. Saba yangu haina mstari katikati, wino umetambaa, na kwa kuwa pete zilianguka kwenye tope mpangilio hausaidii. Mstari mmoja ni wa mkubwa, nyoya la nne likiwa linaota, gramu 17.1. Mwingine ni mtoto wa mwaka, hajaanza kubadilisha kitu.

Huyu wa leo nyoya la nane linaota. Siku hamsini na sita, manyoya manne, kwa hesabu ya wiki mbili kwa nyoya inakaa vizuri kabisa na yule mkubwa. Nikasema si ndo huyu basi, niandike. Mwalimu akakataa katakata. Akasema ukiruhusu manyoya yakuambie namba, kesho utatumia namba kuthibitisha mwendo wa manyoya, unazunguka mti ule ule. Nikaandika "haijulikani ni yupi kati ya wawili", kwa herufi kubwa, kwa hasira.

Jumamosi, 16 Machi 2024

Ramadhani imeanza wiki hii. Kijana wetu yuko mstarini, kaunta ya kubonyeza mkono wa kulia, tende tatu mkono wa kushoto. Magharibi ni 12:56, yaani anafuturu katikati ya ile dakika ngumu kuliko zote, nikamwambia mwachie mwenzio, akasema hapana, huku anabonyeza na kutafuna. Mbayuwayu wakija, adhana inatoka mbali juu ya mpunga. Elfu tatu na mia nne, na safari hii naiamini.

Wanaondoka. Unaona kwenye mzani kabla ya kuona angani: leo wa gramu 22, wa 23 na nusu, ukipuliza manyoya ya kooni unakuta mafuta ya njano yamejaa lile shimo mpaka yamevimba, Novemba mahali hapo palikuwa pekundu patupu. Ndo mafuta ya kuvukia Sahara. Mabawa yote yamekamilika, tisa kwa tisa, alama arobaini na tano. Nyuzi za mkia ndefu, hazijachakaa. Nimekuwa nikiwaona wakiwa na matambara miezi mitano, leo ni kama wametoka kwa fundi cherehani. Huko wanakokwenda watu watadhani ndo walivyo siku zote.

Kwenye nyavu mwezi huu pia tumepata wale wa njano wa kutikisa mkia, sita, nao wahamiaji, nao wanalala matete. Msimu ujao tuwape ukurasa wao.

Jumamosi, 30 Machi 2024

Sitini na nane. Nyavuni ndege wanne tu, watatu kati yao wa Angola, wenyeji wamebaki na nyumba yao. Mvua zimerudi, kona iliyoungua imeshatoa machipukizi yamefika gotini, mama wa mikeka anasema mpaka Oktoba yatakuwa yamesimama kama hakuna mtu atakayechunga ng'ombe mle. Njia yetu ya zamani imezibika nusu. Mfereji upo.

Tumeng'oa mianzi, tumeosha nyavu, nimepiga picha kila ukurasa wa daftari ndo nakaa kibandani kuandika haya. Na hapo kibandani, sahani ya kikomando mbele yake, nani? Afande wa Desemba, bila sare. Akaniuliza ndege wake kafika wapi. Nikasema nani? Akasema wangu, yule mlionishikisha, nilimwandika.

Niliacha kutafuna. Nikamwomba, afande, hilo daftari unalo? Lilikuwa kwenye jaketi. Akafungua taratibu, analamba kidole, kurasa za Desemba, namba za magari, majina, halafu pale chini. Yule mkubwa wa nyuzi ndefu. Akanisomea tarakimu zote, mwisho nne, moja, saba. Nikamuuliza, una uhakika ni saba, si moja? Akanigeuzia daftari.

Saba yake ina mstari katikati.